Je, wajua kwa nini wanamuziki wa Haydn walizima mishumaa na kuondoka katikati ya onyesho?

Walikuwa wamewakumbuka wake zao, basi. Joseph Haydn, mtunzi Mwaustria (1732–1809), alikuwa mwajiriwa wa Nikolaus Esterházy, mwinyi mwenye mali isiyo kifani. Mwinyi huyu alipohamia kasri lake la Eszterháza, Hungaria, okestra ilimfuata, lakini wanamuziki wengi hawakuruhusiwa kwenda na familia. Mwaka 1772 bwana mkubwa alinogewa, akakaa kupita kawaida. Nani angethubutu kumwambia tumechoka?

Haydn akatunga Simfoni (kazi ndefu ya okestra) namba 45, maarufu kama Kwaheri. Sehemu ya mwisho inaanza kwa kasi, kama ya mtu mwenye hasira, kisha inakatika na muziki wa taratibu unaingia. Mpiga oboe (aina ya zumari) wa kwanza na mpiga pembe wa pili wanamaliza vipande vyao, wanazima mishumaa, haoo! Wengine wanafuata. Hata besi kubwa, ambayo kwa kawaida haipewi nafasi ya kutamba, inapewa, kisha nayo inaondoka. Zinabaki fidla mbili tu. Waandishi wa kwanza wa maisha ya Haydn wanasimulia kwamba mwinyi aliipata salamu, na safari ya kurudi ikaandaliwa mara moja.

Ndiyo maana anayetaka kuanza kusikiliza muziki wa klasiki namwelekeza kwa Haydn, hata kabla ya Mozart. Utani wake hauhitaji darasa. Chukua Simfoni namba 94, iliyopigwa mara ya kwanza London mwaka 1792. Katika sehemu ya pili, tuni jepesi linapigwa polepole, linarudiwa kwa sauti ya chini zaidi, mara okestra nzima inalipuka pamoja na ngoma. Kama umevaa spika za masikioni, tafadhali usiongeze sauti.

Kwateti (kazi ya wapigaji wanne) ya Opus 33 namba 2 inakuchezea kwa namna nyingine: inaisha, inanyamaza, inaanza tena, mpaka hujui upige makofi lini. Konseto ya tarumbeta ya 1796, yaani tarumbeta moja ikitamba mbele ya okestra, anza na sehemu ya tatu, ndiyo inayochangamka.

Uumbaji, kazi yake kubwa ya kwaya, inakaribia saa mbili, iache kwanza. Ila tafuta pale mwanzoni kwaya inapoimba kwa sauti ya chini "na ikawa", halafu kwenye "nuru" okestra yote inafunguka.