Kitufe kilichokufa kimyakimya: dhana potofu na ukweli

Dhana: Ombi likishindikana, mtumiaji atabonyeza tena na kazi itaendelea.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wanaoanza RxSwift, maktaba ya lugha ya Swift ya kushughulikia matukio ya programu kama mikondo, hunasa. Kanuni ya Rx haina huruma: mkondo, yaani mfululizo wa matukio, ukishatoa kosa, umekwisha. Chukua kitufe cha "Tuma pesa". Kila kikibonyezwa, tukio linapita kwenye `flatMap`, inayogeuza kila tukio kuwa mkondo mdogo na kuunganisha matokeo yake, na ndani yake kuna ombi linalokwenda kwenye seva. Mtandao ukikatika, kosa la ombi linavuka `flatMap` na kuua mkondo mzima wa kitufe. Kwa mtumiaji, programu haijaanguka. Kitufe kipo, rangi ni ileile, kinabonyezeka, ila hakuna anayekisikiliza tena. Akifunga skrini na kuifungua upya, kinafanya kazi! Kisha wewe unaletewa malalamiko kwamba "saa nyingine kinagoma", basi. Uanzie wapi?

Dawa ni kulidaka kosa humo humo ndani ya `flatMap`, kwenye ombi lenyewe, na kulirudisha kama thamani ya kawaida: imeshindikana, sababu ni hii. Ukiweka `catch`, yaani kidaka kosa, nje ya `flatMap`, ujumbe utaonekana mara moja tu, kisha mkondo utakwisha vilevile.

Dhana: `retry`, inayojiunga upya na mkondo baada ya kosa, ikiwekwa mwishoni mwa mnyororo inatosha.

Ukweli: Kitufe kitafufuka, lakini kosa limemezwa. Mtumiaji haambiwi kitu, na ombi halirudiwi mpaka abonyeze tena. Ukiihamishia `retry` kwenye ombi lenyewe, litatumwa upya. Kwa kuangalia salio, sawa. Kwa kutuma pesa ni hatari, maana huenda seva ilishatekeleza na kilichopotea njiani ni jibu tu. Kila muamala uwe na namba yake ya kipekee, itakayobaki ileile kila ombi linaporudiwa, na seva iitumie kutambua marudio.

Dhana: `debounce` inazuia kubonyeza mara mbili.

Ukweli: Inachelewesha tu: inasubiri vidole vitulie, ndipo inapitisha tukio la mwisho. Ombi likichukua sekunde 8, mtu ana muda tele wa kubonyeza tena. Tumia `flatMapFirst`, inayopuuza mibonyezo mipya hadi ombi la kwanza limalizike. Na uzime kitufe wakati huo, mtu aone kuwa kazi inaendelea.

Dhana: `flatMapLatest`, inayofuata ombi jipya zaidi tu, inafuta ombi la awali.

Ukweli: Inaweza kulikatiza upande wa simu. Lililokwishafika kwenye seva halirudi. Mimi huitumia kwenye kisanduku cha kutafutia tu.