Moshi wa sigara wa jirani: upime hivi kabla ya kupeleka malalamiko

Mpangaji wa fleti akilalamikia moshi wa sigara, jibu la kwanza huwa "fungua dirisha". Jibu hilo halitoshi. Moshi hupenya penye bomba chini ya sinki, kwenye soketi za ukuta mnaochangia, uvunguni mwa mlango na kwenye njia ya hewa ya bafuni inayohudumia fleti kadhaa. Ukiwasha feni ya bafuni madirisha yakiwa yamefungwa, unavuta hewa ya jirani kwa nguvu zaidi.

Anza na PM2.5, yaani chembe zisizozidi mikromita 2.5, zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Tangu 2021, Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo. Tumia kihisi kidogo cha leza, yaani kifaa kinachopima chembe za hewani, kikae mita 1 hadi 1.5 kutoka sakafuni, mbali na jiko na dirisha, kirekodi kila dakika kwa siku 7. Weka kingine nje, la sivyo takataka zinazochomwa mtaani zitahesabiwa kuwa sigara.

Hapa ndipo vipimo vingi huharibika: kihisi hakijui sigara. Udi, dawa ya mbu ya kuchoma, mkaa, hata samaki wa kukaanga, vyote hupandisha namba. Tena huku Pwani, unyevu ukiwa mkubwa chembe hufyonza maji na kuvimba, na kifaa husoma kupita kiasi. Kwa hiyo andika daftarini kila saa: nini kimewashwa, dirisha lipi liko wazi, harufu imeanza lini. Bila daftari, grafu haina maana.

Uthibitisho ni nikotini, kwa sababu haitoki kwenye mkaa wala udi. Beji, yaani kifaa kidogo chenye kichujio kilichotiwa sodiamu baisalfeti (kemikali inayonasa nikotini), hutundikwa chumbani siku 7, kisha hupelekwa maabara. Iandamane na beji nyingine isiyofunguliwa. Nayo ikionyesha nikotini, sampuli zimechafuka njiani.

Kuziba nyufa kwa silikoni hupunguza moshi, hakuumalizi. Kichujio cha HEPA, kile cha mashine za kusafisha hewa, hunasa chembe lakini gesi hupita, na kiyoyozi cha ukutani huzungusha hewa ileile. Dawa ni jengo zima kutovutwa sigara, kama nyumba za umma za Marekani tangu 2018. Mkataba wa upangaji utaje vyumba, korido, ngazi na pia balkoni, maana moshi wa balkoni ya chini huingia dirisha la juu.