Kabla ya Yeremia 29:11 kuna aya ya 10

Nimeulizwa tena, safari hii darasani: "Mwalimu, Neno ni Neno, aya moja si inatosha?" Haitoshi bila kusoma zinazoizunguka, na nimechoka kulijibu hilo kwa upole.

Chukua Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani wala si ya mabaya". Hiyo ni barua. Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa watu waliohamishwa Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK. Aya ya 10 inasema Bwana atawarudisha miaka 70 ikitimia. Sabini! Mtu mzima aliyeisikia barua ile ikisomwa alijua atazikwa ugenini. Ndiyo maana wanaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea mji ule ule walikopelekwa mateka. Ahadi ni ya kweli, ila watakaoiona ni wajukuu.

Sasa rudi sura moja nyuma. Hanania, nabii aliyempinga Yeremia, anasimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, anatangaza kwamba nira ya Babeli itavunjwa ndani ya miaka miwili. Mwaka huo huo, mwezi wa saba, akafa. Anayeikata aya ya 11 na kumwahidi mgonjwa kwamba mwezi huu mambo yatafunguka, anahubiri ujumbe wa Hanania kwa maneno ya Yeremia. Mwezi ukipita, mgonjwa anailaumu imani yake mwenyewe. Hapo ndipo ninapokasirika.

Namba za sura na aya nazo tusizitegemee sana, hazikuwamo tangu mwanzo. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton, askofu mkuu wa Uingereza wa karne ya 13. Aya za Agano Jipya aliziweka mchapaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551. Zinasaidia kutafuta, basi.

Lakini kuna jambo linalonisumbua. Mathayo 2:15 inanukuu Hosea 11:1, "kutoka Misri nalimwita mwanangu", kama unabii juu ya Yesu. Ukimfungua Hosea, anaikumbuka Israeli ikitoka Misri zamani, na aya inayofuata inailaumu kwa kuwatolea Mabaali, miungu ya Kanaani, sadaka. Je, Mathayo naye amekata kipande? Naona sivyo: Yesu wake anatoka Misri, anapita majini kwa ubatizo, anafunga siku 40 nyikani na kumjibu Ibilisi kwa Kumbukumbu la Torati. Hadithi nzima ya Israeli imo. Hata hivyo sithubutu kusema jibu hili linatosha kwa kila nukuu ya Mathayo.