Elektrolaiti za dawa ya kusafisha utumbo si ORS

Elektrolaiti ni chumvi zilizoyeyuka majini zikawa chembe zenye chaji: sodiamu, potasiamu, kloridi, bikaboneti na nyinginezo. Misuli, neva na mapigo ya moyo huzitegemea. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi unaanza mtu akipangiwa kolonoskopi, kile kipimo cha kamera kwenye utumbo mpana, akapewa dawa ya kuharisha ili kuusafisha kwanza. Hakosi wa kumtuliza: "Usiogope kuharisha, dawa yenyewe ina elektrolaiti, inakurudishia chumvi kama ORS." Hairudishi, jamani.

ORS, yale maji ya chumvi na sukari anayopewa mtu anayeharisha, imetengenezwa iingie mwilini. Glukosi iliyomo ndiyo huisaidia sodiamu kupenya ukuta wa utumbo mdogo, na maji hufuata. Fomula ya WHO ya 2002 ina sodiamu na glukosi sawasawa, milimoli 75 kila moja kwa lita.

Dawa ya kusafisha utumbo ya PEG (polietilini glikoli), ile inayonywewa hadi lita 4, imetengenezwa ipite tu. PEG ni molekuli kubwa ambayo utumbo hauinyonyi, nayo hushikilia maji yasiingie mwilini. Davis, Fordtran na wenzao walioichapisha Marekani mwaka 1980 hawakutia glukosi, na badala ya kujaza kloridi walitumia salfeti kwa wingi. Salfeti hunyonywa kwa shida, basi sodiamu nayo hukosa wa kuingia naye. Na imo nyingi, kama milimoli 125 kwa lita. Ya nini kama haiingii? Ni kwa sababu maji matupu yakipita kwa wingi namna ile, chumvi za damu zingetoka kuyafuata. Hizi za kwenye dawa zinaziba pengo hilo. Mwili haupati cha maana wala haupotezi.

Usalama wa PEG uko hapo, na usiuhamishie kwa kila dawa ya kuharisha. Zile za fosfeti hunywewa kidogo, huvuta maji kutoka mwilini, na fosfeti inayoingia kwenye damu inaweza kuganda kama fuwele ndani ya figo. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo kali mwaka 2008, na mojawapo ya dawa hizo, Fleet Phospho-soda ya kunywa, ikaondolewa madukani. Za magnesi nazo hazimfai mwenye figo zilizochoka. Hata unga wa PEG wa kulainisha choo, ingawa jina ni hilohilo, mwingi hauna chumvi hizo.

Kwa hiyo shangazi akitaka kukutilia sukari au glukosi ili "ikuongezee nguvu", mkatalie kwa upole. Glukosi itaisaidia sodiamu kuingia, jambo ambalo dawa inalikwepa. Tena sukari isiyonyonywa huchachushwa na bakteria ikatoa hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka. Manitoli, jamii ya sukari iliyowahi kutumiwa kusafisha utumbo, iliwahi kusababisha mlipuko tumboni wakati kivimbe cha utumbo kinakatwa kwa umeme. Chumvi ikikukera mdomoni, iweke dawa kwenye friji kwanza, kisha uinywe kwa mrija.