Nota mbili za berimbau kwenye nyuzi sita za gitaa

Mpiga gitaa anayetaka kujifunza "Berimbau" ya Baden Powell, mpiga gitaa wa Brazil, kwa gitaa pekee namshauri aliweke gitaa chini kwanza, asikilize ala iliyoupa wimbo jina.

Berimbau ni upinde wa waya mmoja wenye kibuyu. Waya hugongwa kwa kijiti, na mkono wa pili hushika jiwe au sarafu. Jiwe likiwa mbali, sauti ni nzito. Likibanwa vizuri, sauti hupanda kama toni moja hivi. Likigusishwa tu, waya unakwaruza. Kwa sauti hizo tatu duara zima la capoeira, mchezo wa mapigano ulio kama ngoma, huko Bahia, Brazil, linaongozwa. Mdundo uitwao Angola ni mikwaruzo miwili, sauti nzito, sauti nyembamba (ile ya juu), kisha kimya. Nyembamba ikitangulia nzito, hapo unapiga mdundo mwingine, São Bento Pequeno.

Ili kupata nzito na nyembamba kwenye gitaa, mimi hulegeza uzi wa sita, ule mnene, kutoka nota ya mi hadi re. Re naipiga wazi, mi naibana kwenye uzi huohuo, kwa sababu berimbau haina waya wa pili. Ukiihamishia mi kwenye uzi wa nne, vidole vitapata nafuu lakini ladha itapotea.

Kazi kubwa ni mkwaruzo, na wengi huuruka. Piga uzi kwa kidole gumba, kisha urudishe ukucha wake taratibu uguse uzi ungali unatikisika. Ukibonyeza sana, sauti inakufa. Kile kikapu cha mbegu anachotikisa mpigaji, caxixi, nakiiga kwa kukwangua nyuzi nyembamba nilizozizima kwa mkono wa kushoto. Mpigaji wa berimbau husogeza kibuyu tumboni na kukiondoa. Kwenye gitaa, mkono wa kulia utembee kati ya tundu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa.

Baden mwenyewe, kwa taarifa yenu, alipewa jina la mwasisi wa skauti, yule aliyezikwa Nyeri. Yeye na mshairi Vinicius de Moraes walitoa albamu ya Os Afro-Sambas mwaka 1966, iliyojaa midundo ya dini ya candomblé.

Kuhusu kasi, sikubaliani na wanaokimbia. Capoeira Angola, mtindo wa jadi wa mchezo huo, huchezwa polepole, chini chini, kwa hila. Shikilia re na mi mpaka msikilizaji aanze kutikisa kichwa, ndipo uruhusu akodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) za samba ziingie, na hata hapo gumba lisiache mdundo.