Choroko za kuotesha jikoni: zisuuze vizuri, kisha zipike

Loweka kikombe kimoja cha choroko jioni ya leo. Keshokutwa zitakuwa zimetoa mikia myeupe, na siku moja au mbili baadaye bakuli litakuwa limejaa kuliko ulivyoanza. Hutahitaji shamba, mbolea wala jua. Kwa familia inayoishi chumba cha kupanga, hii ni mboga inayopatikana hata wiki ambayo sokoni hakushikiki. Katika mafunzo yetu ya lishe, wengi hujaribu mara moja na kuacha, na sababu wanayotupa huwa ileile: zilinuka.

Joto na unyevu vinavyoiamsha mbegu huwaamsha pia bakteria. Dar es Salaam au Mombasa, ambako chumba hufika nyuzi 30 bila shida, choroko huota upesi na huharibika upesi vilevile. Kazi yote iko kwenye maji. Baada ya kuzichambua na kuziloweka usiku kucha, mwaga maji, zitie kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, funga mdomo kwa kitambaa chepesi kilicho safi, kisha ilaze chupa kwa kuiinamisha ili maji yaendelee kudondoka. Zisuuze asubuhi, mchana na jioni kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Wanaosahau kusuuza ni wachache; wengi husuuza vizuri, halafu wakaacha maji yametuama chini ya chupa. Hapo ndipo harufu inapoanzia.

Nunua choroko za kula (Kenya utaulizia ndengu). Mbegu za duka la pembejeo huwa zimepakwa dawa ya kuua kuvu au wadudu, mara nyingi yenye rangi nyekundu au ya waridi, na kuziosha hakuzifanyi ziwe chakula.

Choroko kavu ina vitamini C kidogo sana. Ikichipua huanza kuitengeneza, na faiteti, ambayo huzuia mwili kufyonza madini ya chuma na zinki, hupungua. Faida hiyo ni ya kweli, nami ningependa kila nyumba iipate. Lakini mwaka 2011 nchini Ujerumani, machipukizi ya uwatu yaliyoliwa mabichi yalieneza bakteria aina ya E. koli. Watu zaidi ya 3,000 waliugua na zaidi ya 50 wakafariki, katika nchi yenye maji safi na maabara za kutosha. Bakteria hujificha kwenye nyufa za ganda la mbegu, mahali ambapo maji ya kusuuzia hayafiki.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: zipike. Dakika chache kwenye kitunguu na nyanya, au kwenye tui, mpaka ziwe za moto hadi ndani. Sehemu ya vitamini C itapotea, na hasara hiyo naikubali. Kwa mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mtu mwenye kinga dhaifu, mbichi zisiingie kabisa kwenye sahani.

Maharage yaliyochipua yasiliwe mabichi na mtu yeyote, kwani yana sumu inayotapisha, nayo huondoka kwa kuchemshwa vizuri. Machipukizi ya mtama nayo msiyale: yana kemikali inayozalisha sayanidi. Kwa kimea cha uji wa mtoto, tumia ulezi.

Mwenye dirisha linaloingiza mwanga anaweza pia kupanda mboga changa za kukata. Toboa chombo kifupi cha plastiki, tia vumbi la makumbi ya nazi au udongo safi usio na samadi mbichi, kisha mwaga mbegu za figili, haradali au mchicha kwa kubananisha. Figili huwa tayari baada ya wiki moja hivi, mchicha huchelewa. Kata kwa mkasi juu ya udongo. Hatari hapa ni ndogo kidogo, kwa sababu mbegu na mzizi hubaki chini, ila kuosha ni lazima.

Ukiona utando mweupe kwenye mizizi ya figili, usikimbilie kuzitupa. Zinyunyizie maji. Utando ukinywea na kutoonekana, ni vinyweleo vya mzizi. Ukibaki, una harufu au unateleza, ni kuvu: tupa zote, na chupa au chombo ukisugue kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kuanza upya.