Je, wajua kwa nini Waingereza walimlilia mwanamfalme kwa kilio cha Daudi?

Tarehe 6 Novemba 1612, katika kasri la St James's jijini London, alifariki Henry, kifungua mimba wa Mfalme James wa Kwanza na mrithi wa kiti chake. Alikuwa na miaka 18. Alichukuliwa na homa, ambayo matabibu wa baadaye wanaamini ilikuwa homa ya matumbo. Alizikwa Westminster Abbey mwezi mmoja baadaye, na baba yake hakuhudhuria mazishi.

Vilio vikageuka muziki. Mwaka 1613 John Coprario alichapisha nyimbo saba za maombolezo, maneno yakiwa ya Thomas Campion. Kila wimbo una mfiwa wake: mfalme, malkia, Charles mdogo wa marehemu, dada yake Elizabeth, Frederick mchumba wa Elizabeth, kisha Uingereza, na mwisho dunia nzima. Ni kama mtu anayepita msibani akimpa kila mmoja pole yake.

Ila kilio kinachonigusa zaidi hakimtaji Henry hata mara moja. Thomas Tomkins, mpiga kinanda wa kanisa kuu la Worcester, Thomas Weelkes wa Chichester na Robert Ramsey, wote walitunga muziki juu ya aya ileile, 2 Samweli 18:33, Mfalme Daudi anapopata habari kwamba mwanawe Absalomu ameuawa. Wanahistoria wengi wanazihusisha nyimbo hizo na msiba wa Henry, japo kwa tahadhari, maana Absalomu alikuwa mwasi aliyepigana na baba yake ili amnyang'anye ufalme, na Henry hakuwa hivyo.

Kwa nini basi aya hiyo? Kwa maoni yangu, kwa sababu haigusi kabisa kosa la mtoto. Inamwonyesha mfalme akipanda chumba cha juu ya lango, analia, ufalme wote umemtoka mawazoni, amebaki mzazi tu. Kumtungia mfalme aliye hai kilio chake ni jambo zito. Daudi alikuwa amekwisha kulia kwa niaba yake.

Sikiliza wimbo wa Tomkins, uliochapishwa 1622 kwa sauti tano. Simulizi ni fupi. Kilio ndicho kirefu. Neno “mwanangu” linaanza sauti moja, linadakwa na nyingine kabla ya kwisha, linarudi tena na tena. Hakuna mwimbaji mmoja aliyepewa nafasi ya Daudi. Wote watano wanamwita mtoto.